Mwanasiasa Akidanganya Mtandaoni, Nani Aulizwe?

Kuna wanandoa wanaogombana kwa sababu ya pesa, wengine kwa sababu ya mawifi, wengine kwa simu inayoita saa tano za usiku. Nyumbani kwetu ugomvi ni wa ajabu kidogo: tunagombana kuhusu wanasiasa wa mtandaoni. Siyo nani tumpigie kura, hilo kila mtu na siri yake. Ishu ni hii: mheshimiwa akiandika uongo, ukasambaa hadi kwa mamilioni ya watu, nani aulizwe? Yeye aliyeandika, au kampuni yenye mtandao?

Baba Neema anasema kampuni ibanwe. Mimi nasema taratibu, bwana, ukimpa mwenye mtandao rungu la kuamua ukweli, kesho atakugeuzia wewe. Na kama nanyi mna grupu la familia lenye mjomba asiyechoka kusambaza meseji za siasa, basi mada hii ni yenu pia.

Siku Twitter ilipothubutu

Tuanzie Marekani, maana ndiko moto ulikowakia. Tarehe 26 Mei 2020, Rais Donald Trump aliandika kwenye Twitter kwamba kura za posta zingejaa udanganyifu. Ilikuwa kipindi cha corona, na watu kibao walikuwa wanajiandaa kupiga kura kwa njia hiyo ili wasibanane kwenye foleni. Twitter ikamfanyia jambo ambalo haikuwahi kumfanyia kabla: chini ya maneno yake ikaweka lebo inayowaalika watu wasome ukweli kuhusu kura hizo. Maneno hayakufutwa. Ila ukibonyeza lebo, unakuta maelezo kwamba madai yale hayana ushahidi.

Mzee alikasirika kwelikweli. Tarehe 28 Mei akasaini amri ya kutaka kinga ya kisheria ya mitandao ya kijamii ipunguzwe. Lakini amri ya rais haifuti sheria iliyotungwa na Bunge, na mwaka 2021 Joe Biden aliifuta amri hiyo.

Facebook wao walishika njia nyingine. Tangu Desemba 2016 walikuwa wakishirikiana na wakaguzi wa nje wa habari za uongo, lakini kauli za wanasiasa wenyewe ziliachwa nje ya ukaguzi. Mark Zuckerberg alisema kampuni yake haipaswi kuwa mwamuzi wa ukweli wa kila kinachosemwa mtandaoni. Yaani wewe na mimi tukidanganya tunakaguliwa, mheshimiwa akidanganya anapita. Hapo hata mimi niliyekuwa upande wa makampuni nilikuna kichwa.

Muuza kahawa ana kosa gani?

Kinga yenyewe inatoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1996, kifungu cha 230. Kwa lugha ya mtaani: mtu akimtukana mwenzake kijiweni, mshtaki aliyetukana, siyo muuza kahawa.

Kwa nini walitunga hivyo? Kulikuwa na kesi mbili huko New York. Mwaka 1991, kampuni ya CompuServe ilishinda kesi ya kashfa kwa sababu haikuwa inakagua yaliyoandikwa na watu. Mwaka 1995, kampuni ya Prodigy ikashindwa hoja hiyohiyo kwa sababu yenyewe ilikuwa inafuta matusi. Umeona kituko? Anayefagia kijiwe chake anaadhibiwa, anayekiacha kichafu anapona. Ndipo Bunge likasema: mwenye mtandao hatachukuliwa kuwa ndiye msemaji wa maneno ya watu wengine, na akiondoa uchafu kwa nia njema hatashtakiwa kwa kuuondoa.

Lakini sikiliza hapa, maana wengi wanapotea. Ile lebo ya Twitter haikuwa maneno ya Trump. Yalikuwa maneno ya Twitter yenyewe. Kinga ya maneno ya wengine haiyafuniki. Kampuni ikiamua kusahihisha, inasema kwa jina lake, na ikikosea iulizwe yenyewe.

Nilimweleza hayo Baba Neema nikidhani nimemaliza mjadala. Akacheka. "Mama Neema, huyo muuza kahawa wako mbona anampa kipaza sauti yule anayepayuka zaidi, kwa kuwa ndiye anayejaza kijiwe?" Hapo alinipata. Mtandao hauhifadhi tu maneno, unachagua yapi yafike mbele ya macho yako. Na hoja hiyo sasa ipo mahakamani jirani tu. Mwezi Aprili 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Meta, wenye Facebook, inayodai mfumo wao ulisukuma mbele maneno ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia.

Lebo haifiki kwetu

Jambo lililonigusa zaidi ni jinsi ukaguzi ulivyo mwepesi kuondoka. Januari 2021 Twitter ilimfungia Trump kabisa. Oktoba 2022 Elon Musk akainunua, Novemba Trump akarudishwa. Januari 2025 Meta ikatangaza kuachana na wakaguzi wake nchini Marekani, kazi ya kusahihisha ikaachiwa watumiaji wenyewe. Mwezi huohuo ikakubali kumlipa Trump dola milioni 25 ili kumaliza kesi ya kufungiwa kwake. Sheria ya 1996 ilikuwa ileile muda wote huo. Kilichobadilika ni mwenye duka na hali ya hewa ya siasa.

Na huku kwetu? Mei 2025 mtandao wa X, ndiyo Twitter hiyohiyo, ulizuiwa Tanzania. Kauli za wanasiasa zinatufikia kama picha za skrini na vipande vya video kwenye WhatsApp. Sasa picha ya skrini haibebi lebo inayowekwa kesho yake. Uongo unasafiri, masahihisho yanabaki stendi. Hata kampuni ingekuwa na wakaguzi elfu, sebuleni kwako hawafiki.

Kwa hiyo mimi na mwenzangu tumekubaliana jambo moja: makampuni yabanwe au yasibanwe, ukaguzi wa kwanza ni wa kwetu. Haya ndiyo tunayofanya:

1. Tenganisheni ahadi na dai. "Tutajenga barabara" huwezi kuikagua leo. "Tumejenga kilomita kadhaa" unaweza. Msipoteze usiku mkibishania ahadi.

2. Tafuteni hotuba nzima. Kipande cha sekunde ishirini kinaweza kumfanya mtu aseme kinyume cha alichosema. Angalieni na tarehe.

3. Mmoja atafute ushahidi wa kuunga mkono, mwingine wa kupinga. Hasa kwa mwanasiasa mnayempenda! PesaCheck na Africa Check wanakagua kauli za viongozi wa Afrika, anzieni huko.

4. Msahihishe mtu pembeni. Usimuumbue mjomba mbele ya grupu zima. Mwandikie peke yake: "Shikamoo mjomba. Ile video nimeitafuta, ni ya zamani na imekatwa. Nakutumia nzima uione." Mtu aliyestahiwa hufuta mwenyewe. Aliyeaibishwa hutuma nyingine tatu.

5. Usimuumbue mwenzi wako pia. Mume au mke aliyesambaza uongo siyo mwongo, ni mtu aliyeamini. Mwambieni hivyo, chumbani, kwa sauti ya chini.

Baba Neema bado anataka makampuni yashtakiwe, na mimi bado naogopa lile rungu. Hatujapatana, na sidhani kama tutapatana hivi karibuni. Ila siku hizi anayeleta hoja mezani anakuja na ushahidi mkononi, na ndoa haijatikisika. Jaribuni na nyie.