Herufi Zilizopuuzwa: DNA na Maziwa ya Mbulu na Hanang

Kwa miaka mingi wataalamu wa jenetiki, walipoorodhesha jeni za kiumbe, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo ya kutengeneza protini, walijiwekea kipimo kilichotokana na urahisi wa kazi kuliko ushahidi: kipande kisichofikia herufi 300, ambacho protini yake isingefika asidi amino 100, kiliachwa nje ya orodha. Hawakuwa wazembe. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na nakala yake, RNA, husomwa herufi tatu tatu. Usomaji kwa kawaida huanzia penye alama ATG na kukoma penye mojawapo ya alama tatu za kukomea, na sehemu iliyo kati ya alama hizo huitwa fremu wazi ya usomaji. Herufi chache huweza kujipanga hivyo kwa bahati nasibu tu, hivyo fremu fupi zimetapakaa kote katika DNA, na kuzipuuza zote kulionekana kuwa salama zaidi.

Usalama huo ulificha mengi. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba miguu ya nzi wa matunda haiumbiki sawasawa bila vijiprotini vya asidi amino 11 tu, na mwaka 2015 protini ya misuli yenye asidi amino 46, mayoregulini, ilipatikana ndani ya RNA iliyokwisha kuandikwa kuwa haitengenezi protini yoyote. Kwa historia ya jeni, hata hivyo, jambo zito zaidi ni lile lililoonyeshwa kwa hamira mwaka 2012: fremu fupi ni kama kitalu cha jeni mpya, ambamo herufi moja inayobadilika huweza kuzaa alama ya kuanzia au kufuta ya kukomea, na ingawa nyingi ya fremu hizo hutoweka, chache zinazomfaa kiumbe hudumishwa na uteuzi wa asili.

Fremu, iwe fupi au ndefu, haitoi protini mpaka nakala yake itolewe, na kiasi cha nakala hutawaliwa na herufi nyingine ambazo zenyewe hazitengenezi protini. Uzito wa herufi hizo katika mageuzi ya binadamu umeonekana dhahiri kwa Wairaqw, wakulima na wafugaji wa Mbulu wenye lugha ya Kikushi, na kwa Wadatoga, wafugaji wenye lugha ya Kiniloti wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang. Jamii hizo zilikuwa miongoni mwa 43 za Tanzania, Kenya na Sudan zilizochunguzwa na mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, katika utafiti kuhusu uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa, uliochapishwa mwaka 2007.

Mtoto mchanga huimeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Katika utafiti huo mtu mzima alikunywa gramu 50 za laktosi iliyoyeyushwa katika maji, kisha sukari katika damu yake ikapimwa kila baada ya dakika 20 kwa muda wa saa moja. Ikipanda vya kutosha, laktesi yake ingali inafanya kazi. Wengi wa waliofaulu walikuwa na herufi C mahali ambapo wengine wana G, takriban herufi 14,010 kabla ya jeni ya laktesi, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, tena katika sehemu ambayo hukatwa na kuondolewa kabla protini ya MCM6 haijatengenezwa. Protini ya laktesi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni amri ya kuendelea kuitengeneza, na badiliko hilo lilienea kwa kasi ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita.

Maziwa yenyewe, hata hivyo, yalitangulia kuenea kwa herufi hiyo. Huko Luxmanda, katika wilaya jirani ya Babati, vigae vya vyungu vya wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita vimekutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa, ilhali katika utafiti wa DNA ya wafugaji wa kale uliochapishwa mwaka 2019 ni mtu mmoja tu, wa pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, aliyeishi takriban miaka 2,000 iliyopita, aliyekutwa na C hiyo. Yamkini wasio nayo walitumia maziwa ya mgando, ambayo bakteria wake hula sehemu ya laktosi kabla ya mnywaji.

Wazungu wengi nao hunywa maziwa ukubwani, lakini kwa herufi T iliyo mahali pengine, 13,910 kabla ya jeni hiyohiyo. Mtafiti ambaye angekwenda Mbulu au Hanang kuitafuta T hiyo peke yake angeandika kwamba wafugaji wa huko, vijana kwa wazee, hawana uwezo wa kumeng'enya maziwa, naye angekuwa amekosea kabisa.