Mkono Unaohudumia Nao Una Haki: Kuchagua Glavu za Kushikia Nyama ya Moto

Sala ya Idi ikishamalizika hapa Dindira, na waumini wakishapeana mikono uwanjani, macho ya wengi huelekea nyuma ya msikiti. Huko moto umekuwa ukiwaka tangu alfajiri. Kuna sufuria za pilau juu ya mafiga, kuna wavu wa chuma juu ya makaa, na kuna ndafu aliyegeuzwa motoni kwa saa kadhaa. Sisi tuliokaa jamvini hungoja sinia. Ni wachache kati yetu wanaouliza sinia hilo limepitia mikono ya nani, na mikono hiyo imepatwa na nini.

Sisi wa kamati ya msikiti tulilazimika kujiuliza swali hilo baada ya tukio moja. Katika karamu ya walima, kijana wetu aliinua sufuria ya nyama iliyokuwa ikichemka kwa kutumia matambara mawili. Matambara yalikuwa mabichi. Kabla hajapiga hatua ya tatu, joto lilikwisha kupenya. Hakuiachia sufuria, kwa kuwa watoto walikuwa wamekaa karibu. Alivumilia mpaka akaitua salama, na viganja vyake vyote viwili vikababuka. Kijana huyo ni mchumaji wa chai, naye hulipwa kwa kilo anazochuma. Kwa wiki kadhaa mikono ile haikuchuma kitu, ilhali sisi tuliokula nyama ile tulikwisha kuisahau ladha yake.

Tulipofungua daftari la matumizi tuliona mchele, mbuzi, mafuta, mkaa, kodi ya turubai na kodi ya vipaza sauti. Hatukuona hata shilingi moja iliyotengwa kwa ajili ya kuilinda mikono ya wapishi. Makala haya ni matunda ya soni iliyotupata siku ile.

Haki ya aliyebeba joto

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alielekeza kwamba mtumishi anapomletea mtu chakula, basi amketishe ale pamoja naye, na asipofanya hivyo ampe walau tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba joto lake na taabu ya kukiandaa. Zingatieni, ndugu wasomaji, sababu iliyotajwa: ni joto. Ikiwa aliyebeba joto la chakula ana haki katika tonge, ni wajibu wetu pia kutazama namna ya kumpunguzia joto lenyewe.

Kwa nini tambara bichi huunguza

Tambara kavu hukinga kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole. Tambara likilowa, maji huchukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto kwa zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Tena maji yale huweza kugeuka mvuke papo hapo, yakamuunguza mtu aliyedhani amejikinga. Kwetu sisi wa milima ya Usambara jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 2023 hadi 2025 Idi ya kuchinja ilituangukia mwezi wa Juni, wakati wa baridi na ukungu, na kitambaa kilichofuliwa jana huwa bado hakijakauka leo. Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: chochote utakachoshikia chombo cha moto, kiwe tambara au glavu ya bei kubwa, sharti kiwe kikavu ndani.

Itazameni kazi kabla ya glavu

Makosa ya wanunuzi wengi ni kutafuta glavu moja ya kufanyia kila kitu. Kazi za motoni ni tatu, na kila moja ina glavu yake.

Kazi ya kwanza ni ya moto mkavu: kuchochea makaa, kusogeza wavu, kushika chuma kinachomzungusha ndafu. Hapa inafaa glavu nene ya ngozi yenye mkono mrefu unaofika karibu na kiwiko, mfano wa zile wanazovaa mafundi wa kuchomelea vyuma, ambazo huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ngozi haiyeyuki. Lakini ngozi hunywa mafuta na maji, na zile za mafundi hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula, kwani huwa na rangi na kemikali za kiwandani. Kwa hiyo zishike chuma, zisiguse nyama.

Kazi ya pili ni ya moto wenye majimaji: kuinua sufuria, kumteremsha ndafu anayechuruzika mafuta, kutoa minofu kwenye mchuzi. Hapa inafaa glavu ya silikoni yenye bitana ya pamba. Silikoni haipitishi maji wala mafuta, na huoshwa kwa sabuni ikatakata. Aghalabu huhimili joto la nyuzi 230 hivi, na hiyo inatosha kwa maji yanayochemka, ambayo ni nyuzi 100 au pungufu kidogo huku milimani. Makaa mekundu hupita nyuzi 600, kwa hiyo glavu hii isipelekwe kwenye makaa.

Kazi ya tatu ni kuchambua na kukata nyama iliyokwisha kuiva. Hapa mkono unahitaji wepesi. Mtu avae glavu safi ya pamba ndani, kisha juu yake glavu nyembamba ya mpira inayokubalika kwa chakula. Pamba hupunguza joto, mpira huzuia mchuzi. Gharama yake ni ndogo, ila mpira mwembamba haupaswi kuukaribia moto hata kidogo, kwani huyeyuka na kugandia ngozini.

Zipo pia glavu zilizofumwa kwa nyuzi za aramidi, ambazo wauzaji huzinadi kuwa zinahimili nyuzi 500. Ni nzuri kwa chuma kikavu, lakini mafuta ya moto hupenya kwenye mafumo yake, na mtu akachelewa kuzivua.

Kuisoma alama

Glavu iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya huandikwa EN 407, na chini ya mchoro wake huwa na safu ya tarakimu. Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu kugusa kitu cha moto. Tarakimu 1 maana yake ni nyuzi 100, 2 ni nyuzi 250, 3 ni nyuzi 350, na 4 ni nyuzi 500. Herufi X maana yake ni kuwa sifa hiyo haikupimwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba kipimo hiki ni cha sekunde 15. Muda huo unatosha kuitua sufuria kando ya mafiga. Hautoshi kuvuka nayo uwanja mzima.

Ngozi ya mnyama gani?

Muislamu ana swali jingine ambalo muuzaji huenda asilifikirie. Baadhi ya glavu za kazi zinazotoka nje hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Katika madhhabu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, ngozi ya mnyama ikishadibaghiwa, yaani ikishatengenezwa na kuondolewa uozo, hutoharika, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Hivyo ngozi ya ng'ombe au mbuzi haina tatizo. Tazameni lebo, na mkiona neno la Kiingereza “pigskin”, iacheni. Kama upande laini wa ngozi unaonekana, tazameni vinyweleo: vya nguruwe hukaa vitatu vitatu kama pembetatu. Kwa ngozi yenye manyoya laini pande zote alama hiyo haionekani, na hapo ni bora kununua kwa muuzaji anayejua alichonacho.

Vilevile, glavu iliyotumika machinjoni ikapatwa na damu isiletwe jikoni kabla ya kutoharishwa.

Kuvaa, kutunza, na kuungua

Glavu iwe na nafasi kidogo, ili kimiminika cha moto kikiingia ndani mtu aweze kuikung'uta mara moja. Kabla ya kazi ikaguliwe kama imetoboka au bitana imelowa. Baada ya kazi ioshwe na ianikwe ndani nje, mbali na moto.

Na mtu akiungua licha ya tahadhari zote, aweke kiungo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avue pete mapema, afunike kwa kitambaa safi, kisha aende zahanati ikiwa jeraha ni kubwa au liko kiganjani. Dawa ya meno, majivu, unga na mafuta ya kupikia visipakwe. Hunasa joto au huchafua jeraha.

Tulichoamua

Kamati yetu sasa imeandika glavu katika hesabu ya kila karamu, pamoja na mchele na mkaa. Ni mali ya msikiti: ziko kwenye daftari, zina mtunzaji, na haziazimwi kwa kazi nyingine. Akina mama wanaopika upande wao wamepata zao, maana sufuria zao si baridi kuliko zetu. Tunazisihi kamati nyingine, na kila baba anayechoma nyama uani kwake, wafanye hivyo kabla hawajapata sababu kama yetu.

Katika karamu iliyofuata, kijana wetu alirudi motoni akiwa amevaa glavu. Sinia la kwanza halikupelekwa jamvini. Lilipelekwa nyuma ya msikiti, kwa wale waliobeba joto.

Wabillahi tawfiq.