Asilia, Bora au Kipya: Unalipia Nini Mgahawani Kanada?

Chakula kilichoandikwa dola 20 kwenye menyu ya Kanada hakilipwi dola 20. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako bei ya ubaoni ndiyo inayotoka mfukoni, hugundua hilo kwenye risiti ya kwanza. Kodi huongezwa mwishoni, na kila jimbo lina yake. Alberta hutoza asilimia 5 basi. British Columbia nako chakula cha mgahawani hutozwa 5. Ontario ni 13. Quebec hutoza kodi mbili ambazo jumla yake ni 14.975. Nova Scotia ilikuwa 15 mpaka tarehe 1 Aprili 2025, iliposhuka hadi 14.

Kisha huja bakshishi. Tuseme umetoa asilimia 18, nayo umeipigia hesabu kwenye bei ya menyu kabla ya kodi. Sahani ile ile ya dola 20 itakutoka dola 24.60 Calgary, 26.20 Toronto, 26.40 Halifax na 26.60 Montreal. Dola mbili si kitu, utasema. Kaeni wanne mezani, mara nne kwa mwezi, ni dola 32 zilizokwenda bila kuongeza hata chembe ya wali.

Mashine ya kadi nayo ina ujanja wake. Hukuletea vitufe vya 18, 20 na 25, na mara nyingi asilimia hiyo hupigwa juu ya jumla ambayo kodi imeshaingia, yaani unatoa bakshishi kwa kodi ya serikali. Quebec imeliona hilo: tangu Mei 2025 sheria yake inataka kiasi kinachopendekezwa kihesabiwe kwenye bei kabla ya kodi, na kitufe kimoja kisipambwe kuliko vingine. Kwingineko hesabu ni yako. Mhudumu aliyekuletea chakula mezani anastahili chake, hasa Quebec ambako sheria bado inaruhusu wanaoishi kwa bakshishi walipwe kima cha chini kilicho chini ya cha wenzao (Ontario iliwafutia wahudumu tofauti hiyo mwaka 2022). Lakini ukiagiza umesimama kaunta, ukabeba mfuko wako mwenyewe, bonyeza sifuri bila kuona haya.

Hayo yanahusu risiti. Swali gumu zaidi ni kile ulichonunua. Migahawa midogo ya mitaani Kanada huuza vitu vitatu ndani ya sahani moja: uasilia, ubora na upya. Vibao vya mlangoni hupiga kelele kuhusu cha kwanza na cha tatu. Ubora haupigi kelele, na kwa maoni yangu ndio pekee unaostahili kuongezewa dola.

Tuanze na poutine, chakula ambacho kila mgeni huambiwa asiondoke bila kukionja. Ni chipsi zilizomwagiwa mchuzi mzito wa moto juu ya vipande vya jibini changa. Ilizaliwa vijijini Quebec miaka ya 1950 na 1960, na mpaka leo miji miwili inaigombania: Warwick inamtaja Fernand Lachance, mwaka 1957, na Drummondville inamtaja Jean-Paul Roy, mwaka 1964. Ugomvi huo hausaidii mnunuzi. Kinachomsaidia ni kujua kwamba jibini hiyo ikiwa mbichi hulia kwenye meno, kama mpira unaosuguliwa, na mlio huo hufifia ndani ya siku moja hivi, hasa jibini ikishaingia kwenye friji. Kwa hiyo kipimo cha poutine unacho mdomoni. Imelia? Umepata thamani yako. Haikulia? Umekula chipsi na jibini kama chipsi na jibini nyingine zozote, na hata mpishi akiwa mzaliwa wa Warwick haitabadilika.

Ndiyo maana napendekeza poutine ya kawaida, isiyoongezwa kitu. La Banquise ya Montreal, iliyofunguliwa mwaka 1968 na isiyofunga mchana wala usiku, ina aina zipatazo thelathini, zenye soseji, uyoga, parachichi na kadhalika. Zinafurahisha, na saa nane usiku hakuna anayebishana na soseji. Ila kila kinachoongezwa juu hupandisha bei, na migahawa dhaifu hutumia nyongeza hizo kufunika chipsi zilizolala. Ukiwa mbali na Quebec, muulize muuzaji kama jibini ni ya vipande au ni mozarela iliyokunwa. Ikiwa ya kukunwa, agiza kitu kingine. Asiyekula nyama fulani aulizie na mchuzi, maana mara nyingi hutokana na supu ya ng'ombe au kuku. Migahawa kadhaa ina mchuzi wa mboga, lakini hawautaji mpaka uulize.

Montreal hiyo hiyo ina chakula ambacho sijui mshindani wake kwa thamani ya dola moja: bageli. Mkate huu wa duara wenye tundu, ulioletwa na Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huchemshwa kwenye maji yenye asali kisha huokwa kwenye tanuri la kuni. Fairmount na St-Viateur, mitaa miwili iliyo jirani, ina maduka yenye mashabiki wasiosalimiana. Bageli moja ya ufuta ikitoka motoni huuzwa kwa takriban bei ya kikombe kidogo cha kahawa, na kwa kuwa bageli tupu huhesabiwa kama mkate wa nyumbani, haina kodi. Hapa sheria ya kodi inachekesha kidogo: donati tano zinatozwa kodi kwa sababu zinadhaniwa zitaliwa hapo hapo, donati sita hazitozwi kwa sababu zinadhaniwa zinakwenda nyumbani. Familia yenye watoto inunue sita.

Schwartz's ya Montreal, kwenye boulevard Saint-Laurent tangu mwaka 1928, inauza kidari cha ng'ombe kilicholazwa kwenye viungo kwa siku kadhaa, kikafukizwa moshi, kikakatwa kwa mkono na kurundikwa kati ya vipande viwili vya mkate wa rai. Ni ghali kuliko sandwichi nyingine za mtaa, nayo foleni hufika nje. Hata hivyo hapa uasilia na ubora vimekutana kweli, kwa sababu rahisi: menyu ni fupi na nyama haikai. Agiza yenye mafuta ya kiasi, maana isiyo na mafuta hukauka. Na kama muda wako una thamani kuliko kiti, nunua ya kubeba.

Sasa tuvuke hadi pwani ya mashariki, ambako neno "asilia" linaanza kuyumba. Mapema miaka ya 1970 Mgiriki Peter Gamoulakos alijaribu kuwauzia watu wa Halifax nyama ya Kigiriki na mchuzi wake wa mtindi. Hawakuitaka. Akabadilisha: ng'ombe badala ya kondoo, na mchuzi mtamu wa maziwa ya kopo, sukari, siki na kitunguu saumu. Hiyo ndiyo donair, iliyoanza kuuzwa King of Donair mwaka 1973, na mwaka 2015 baraza la mji likaitangaza kuwa chakula rasmi cha Halifax. Mtu wa Istanbul akiiona atashangaa, na wa Athens atasononeka. Lakini ukiila Halifax, imefungwa kwenye foili na mchuzi unakuchuruzika kwenye kiganja, umekula kitu asilia kabisa cha Halifax. Utamu wake si wa kila mtu. Gawaneni moja kwanza.

Ukishaiona donair utaona nyingine nyingi za namna hiyo. Piza ya nanasi ilibuniwa mwaka 1962 mjini Chatham, Ontario, na Sam Panopoulos, naye mhamiaji wa Kigiriki. Nyama ya tangawizi, vipande vikavu vitamu ambavyo watu wa Alberta huviagiza kwenye kila mgahawa wa Kichina, ilitoka Silver Inn ya Calgary miaka ya 1970, si Beijing. Wachina waliofungua migahawa katika miji midogo ya reli na ngano walikuwa wametozwa kodi ya kichwa, dola 50 mwaka 1885 na 500 kuanzia 1903, kisha kati ya 1923 na 1947 mlango ukafungwa karibu kabisa. Waliokuwapo walipika kile ambacho majirani zao wangekubali kukinunua. Kudai leo kwamba chakula chao si cha Kichina halisi ni kuwadai mara ya pili.

Kuna wakati serikali yenyewe iliingilia. Mwaka 1985 wakaguzi wa shirikisho waliwaambia waoka mikate wa Kijamaika wa Toronto kwamba pati zao, zile kama sambusa pana za unga wa njano zenye nyama ya ng'ombe, haziwezi kuitwa hivyo, kwa kuwa kanuni zilitambua pati ya nyama ya baga tu. Waokaji walikataa, magazeti yakashabikia, na mwisho wakaafikiana ziitwe pati za Kijamaika. Leo zinauzwa hadi kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, na kwa aliye na haraka ni chakula cha bei nafuu kuliko vingi vya Toronto. Tena Ontario ina nafuu ambayo wengi hawaijui: chakula kilichopikwa kisichozidi jumla ya dola 4 hutozwa asilimia 5 badala ya 13. Pati moja huingia humo. Ukiongeza soda na mkate wa nazi, umetoka.

Upya ndio unaokula pesa kuliko vyote. Kila msimu Toronto na Vancouver huzuka maduka ya vitu vya kupigia picha: baga nyeusi, aiskrimu ya moshi, vinywaji vya tabaka tano. Mpenda vijipya hulipa kodi ya pango ya mtaa wa kifahari na mapambo ya ukuta. Lakini si kila kipya ni cha kupita. Japadog ilianza mwaka 2005 Vancouver kama kigari cha soseji zilizowekwa vikolezo vya Kijapani kama mwani na figili, na miaka ishirini baadaye bado inauza. Mimi hukisubiri kipya miaka mitatu. Kikiwa bado kipo, na foleni ni ya watu wa mtaa wanaokwenda kazini badala ya wenye kamera, nakwenda.

Kwa chakula cha Asia, mwenye bajeti ndogo akwepe katikati ya mji na aende Richmond, kusini mwa Vancouver, au Scarborough na Markham, mashariki na kaskazini mwa Toronto. Huko migahawa imejipanga kwenye viwanja vya maduka vyenye maegesho mapana na sura mbaya, karibu na saluni na wauza vipuri. Pango ni nafuu, na wateja ni watu wanaokijua chakula hicho tangu utotoni. Mpishi akipunja Jumatatu, Jumanne hawamwoni. Programu za kuagizia chakula huondoa faida hiyo yote: bei zake mara nyingi ziko juu ya za kaunta, halafu kuna ada ya huduma, ya kuletewa na bakshishi. Piga simu, ukachukue mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili anayetafuta ladha ya nyumbani ana njia zaidi ya moja. Migahawa ya Kisomali ya Toronto, Ottawa na Edmonton hujaza sahani ya wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni, kiasi kwamba mara nyingi wawili hushiba. Kwa mzani wa dola na tumbo, sijaona inayoishinda. Wakongomani wa Montreal watakupa kisamvu na samaki wa chumvi. Kwa upande wa halali, msitosheke na kibandiko cha kijani. Tangu Aprili 2016 kanuni za Kanada zinataka anayetangaza chakula halali aonyeshe jina la aliyekithibitisha. Ulizeni jina.

Halafu kuna migahawa ya Wahindi wa Afrika Mashariki, waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 au kuondoka Tanzania baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Menyu zao zina mishikaki, kuku paka, na mihogo ya kukaanga wanayoiita mogo. Mihogo mingi huja ikiwa imegandishwa, na hilo si kosa, kwa kuwa muhogo hustahimili barafu vizuri na bei hubaki ya chini. Kuku paka ndiye wa kuchunguza, maana ni miongoni mwa vya bei ya juu, na bila moshi wa makaa hubaki kuku wa nazi wa kawaida. Kabla hujatoka nyumbani piga simu uulize wanamchoma kwa makaa au kwa gesi. Wakisema gesi, agiza mogo na mishikaki.