Je, Wajua? Jua la Bukoba na Saratani

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ziko karibu mno na ikweta, hivyo jua la kuutengenezea mwili vitamini D halikosekani mwaka mzima, mawingu ya ziwani yakiruhusu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya vitamini D vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, wakati wataalamu wengi huhesabu 50 kuwa kiwango cha kutosha.

Tafiti nyingi zimeona kuwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana au ya matiti wenye vitamini D nyingi huishi muda mrefu zaidi. Lakini tahadhari: mgonjwa mahututi hashindi shambani akipalilia migomba, anashinda ndani, na hamu ya kula hana. Huenda basi upungufu ni matokeo ya ugonjwa.

Marekani, jaribio la VITAL liliwapa watu wapatao 26,000 vidonge vya vitamini D au vya bandia. Matokeo ya 2018: saratani haikupungua. Dalili ya vifo vya saratani kupungua ilijitokeza tu watafiti walipoacha kuhesabu miaka ya mwanzo.

Kwa mkazi wa Kagera mwenye uvimbe usioeleweka, kufika Hospitali ya Bugando mapema kuna maana zaidi kuliko kuota jua.