Kamera Haipigiwi Kelele

Filamu ya Kenya ya Nairobi Half Life, iliyotoka mwaka 2012, inamwonyesha Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuwanasa wateja kwa kuwaigizia vipande vya filamu za mapigano. Mikono hewani, macho yamemtoka, sauti inafika ng'ambo ya barabara. Watu wanacheka na kununua. Vijana wa namna hiyo hawakosekani hata Chala, wilayani Nkasi, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda. Kipaji wanacho. Wanachokosa ni mafunzo ya kuigiza mbele ya lenzi, na hayo ni tofauti kabisa na yale ya jukwaani.

Igizo la shule au la sikukuu ya parokia humlazimu mwigizaji amfikie mtu aliyekaa benchi la mwisho. Kamera imeshamfikia. Katika shoti ya karibu, uso mmoja hujaza kioo kizima, na nyusi ikipanda kidogo tu mtazamaji ameiona. Ndiyo maana vilio vingi vya Bongo Movie humchosha mtu badala ya kumliza: mwigizaji analia kwa nguvu za ukumbini, ilhali kamera iko hatua mbili kutoka puani mwake.

Nguvu ya uso uliotulia iligunduliwa zamani. Mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua picha ya mwigizaji Ivan Mosjoukine akiwa ametulia tu, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na mtoto ndani ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi alivyoonyesha njaa, kisha huzuni, kumbe uso ulikuwa uleule. Hiyo haina maana kwamba mwigizaji akae kama gogo. Maana yake ni kwamba afikirie jambo kwelikweli, kisha amwachie mhariri sehemu ya kazi.

Kufikiria huko huanza na kusikiliza, na hapa Ufipa, eneo ilipo Chala, una mtaji. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, alikusanya ngano za Wafipa na kuzichapisha kitabuni mwaka 1978. Ngano haina msimulizi peke yake. Ina wasikilizaji wanaoitikia, na uitikiaji wao humwongoza msimulizi. Mwigizaji wa filamu hufanya kazi hiyohiyo mwenzake anapozungumza. Asiyejua hungoja zamu yake ya kusema, na lenzi humuumbua papo hapo, kwa sababu macho yake yanaonekana yakikumbuka mistari.

Stadi inayowasumbua wengi zaidi ni ya kurudia. Tuseme mama anamwambia mwanawe, “Hukunijulisha,” huku akinyanyua kikombe cha chai. Tukio hilo litapigwa kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kutokea upande wa mtoto. Kama mara ya kwanza kikombe kilinyanyuliwa kwa mkono wa kulia kabla ya neno, mara ya tatu kisinyanyuliwe kwa wa kushoto baada ya neno; vipande havitaungana. Na hasira ya mara ya tano iwe mbichi kama ya kwanza. Hapo kipaji kitupu hakitoshi.

Wanaotaka kusomea fani hiyo huelekezwa TaSUBa, taasisi ya Bagamoyo iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Chala ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ni mwanzo tu wa gharama. Chuo si njia pekee: Nairobi Half Life yenyewe ilitokana na warsha za One Fine Day, ambako vijana wa Afrika walijifunza kwa kutengeneza filamu halisi pamoja na wataalamu.

Kwa sasa, simu moja na watu wawili vinatosha kuanzia. Mmoja anaomba kukopeshwa fedha, mwingine hataki kukopesha lakini hasemi. Simu inasimamishwa karibu na uso wa huyu asiyesema. Video itazamwe kwanza bila sauti na mtu ambaye hakuwepo. Akitambua kwamba ombi limekataliwa, wawili hao wabadilishane nafasi. Asipotambua, warudie, safari hii mwombaji aombe kwa sauti ya chini zaidi.