Taa ya Kijani Haitoshi: Mipangilio ya Nakala Rudufu Inayosahaulika

Tuchukulie mfanyabiashara ametoka Njoro asubuhi na mapema kuja mjini kushughulikia leseni ya biashara yake. Dirishani anaambiwa mtambo umekwama, arudi kesho. Kesho anarudi, anakuta mtambo umeamka, lakini malipo aliyoyafanya wiki iliyopita hayaonekani. Karani anamwomba risiti. Risiti ilinyeshewa na mvua. Hapo jambo ambalo kwa kawaida huachiwa maafisa wa tehama linakuwa la mwananchi moja kwa moja.

Mambo hayo mawili, mtambo kukwama na kumbukumbu kupotea, si ugonjwa mmoja, ingawa dirishani yanafanana. Julai 2023, jukwaa la eCitizen lilipovamiwa kwa mafuriko ya maombi bandia, Wakenya wengi walikosa huduma, lakini serikali ilisema data haikupotea. Mlango ulizibwa, nyumba ikabaki na vitu vyake. Tofauti na hapo, Septemba 26, 2025, moto ulioanzia kwenye betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, na kuteketeza hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Ikiwa nchi iliyoendelea kiteknolojia kiasi kile inaweza kujikuta hapo, afisi ya wadi, zahanati au chama cha ushirika hapa Nakuru kina sababu ya kuuliza maswali mapema.

Makala haya ni ya wakuu wa idara, wasimamizi wa hospitali, shule na vyama vya ushirika wenye seva, na mkazi yeyote anayetaka kujua kumbukumbu zake hulindwa vipi.

Mashine pepe ni nini

Zamani kila mfumo ulikuwa na kompyuta yake: mmoja wa malipo, mwingine wa wagonjwa, mwingine wa barua. Siku hizi kompyuta moja yenye nguvu hugawanywa kwa programu maalum ikawa kama kompyuta kadhaa, na kila moja huitwa mashine pepe. Fikiria ploti yenye vyumba vya kupangisha. Kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini paa na mita ya stima ni moja. Paa likianguka, wote wamelala nje.

Uzuri wake ni kwamba mashine pepe nzima, pamoja na mfumo wake na data yake, kwa kompyuta mama ni mafaili machache makubwa tu. Kuyanakili ni rahisi. Unafungua programu ya nakala, iwe Veeam, Proxmox Backup Server au nyingine, unachagua mashine, unachagua saa, unabonyeza "endelea" mara nne au tano, na kila asubuhi taa ya kijani inakuambia kazi imefaulu. Ukurasa wa mipangilio ya ziada umejificha nyuma ya kitufe kimoja kidogo, na wengi wetu hatukifungui.

Nilijifunza gharama ya kutokifungua kabla sijaingia katika utumishi wa umma. Chumba cha habari nilichofanyia kazi kilikuwa na seva ya picha, na kazi ya nakala ilionyesha kijani kila siku kwa miezi. Seva ilipoharibika tulirudishiwa mashine iliyowaka vizuri, ikatukaribisha kwa majina yetu, lakini haikuwa na picha. Diski ya picha ilikuwa imeongezwa baadaye, baada ya ile ya kwanza kujaa, na kazi ya nakala ilikuwa imepangwa kuchukua diski ya mfumo peke yake. Kijani hakikuwa uongo. Kilisema kwamba ilichoagizwa kimefanyika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa wako wa tehama ni hili: je, kazi hii inachukua diski zote za mashine, pamoja na zitakazoongezwa kesho?

Nakala inapochukuliwa katikati ya sentensi

Mashine haizimwi ili inakiliwe. Programu huchukua kwanza picha ya papo hapo ya hali yake, kisha hunakili kutoka kwenye picha hiyo huku watu wakiendelea na kazi. Sasa fikiria mfumo wa malipo ya hospitali. Katika sekunde ile picha inapochukuliwa, karani ameshabonyeza, fedha zimeandikwa kwenye jedwali moja, lakini jina la mgonjwa bado liko kwenye kumbukumbu ya muda, halijafika diskini. Picha inanasa nusu ya tendo. Ukirejesha nakala hiyo, hifadhidata itaamka kama iliyong'olewa waya wa stima ghafla. Mara nyingi itajiponya. Siku nyingine itakataa kuwaka.

Kuna mpangilio wa kuzuia hilo. Ukiuwasha, programu ya nakala huiambia hifadhidata kwanza: maliza unachoandika, shusha kila kitu diskini, tulia kidogo. Picha inachukuliwa, kisha kazi inaendelea. Kwenye mashine za Windows kuna huduma ya ndani inayoratibu utulivu huo. Kwenye Linux mara nyingi afisa huandika maagizo mafupi ya kutekelezwa kabla na baada ya picha. Kwa mashine inayohifadhi mafaili ya kawaida, tofauti huenda isionekane. Kwa mashine yenye hifadhidata ya malipo, wagonjwa au kodi ya ardhi, naona huu ndio mpangilio wa kwanza wa kukaguliwa, kabla ya kuzungumzia kununua chochote.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Hifadhidata nyingi huweka daftari la kila badiliko. Programu ya nakala inaweza kuagizwa kulipunguza daftari hilo kila inapomaliza, ili lisijaze diski. Ni sawa, mradi ni programu moja tu inayofanya hivyo. Kama msimamizi wa hifadhidata ana utaratibu wake wa nakala unaotegemea daftari lilelile, mmoja atakuwa akirarua kurasa ambazo mwenzake bado anazihitaji. Wawili hao wakae meza moja waamue nani hulipunguza.

Na picha yenyewe ya papo hapo lazima ifutwe kazi ikiisha. Ikibaki, huendelea kukua kimyakimya, na diski ikijaa mashine husimama saa nne asubuhi foleni ikiwa imefika mlangoni.

Hesabu ya usiku

Nakala ni za aina mbili kubwa: kamili, inayochukua kila kitu, na ya nyongeza, inayochukua kilichobadilika tu tangu mara ya mwisho. Hesabu inaonyesha kwa nini uamuzi huu si wa kubahatisha. Mashine ya gigabaiti 500 ikipitishwa kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde huhitaji takriban saa 11 kufika upande wa pili. Ukianza saa tatu usiku, utamaliza saa mbili asubuhi, wafanyakazi wakifungua madirisha. Ikiwa yaliyobadilika ni asilimia 2, yaani gigabaiti 10, kazi hiyohiyo huchukua karibu dakika 13.

Ndiyo maana kazi nyingi hutumia nyongeza kila siku. Lakini nyongeza ni mnyororo. Ili kurejesha Ijumaa unahitaji nakala kamili ya Jumapili na vipande vyote vya Jumatatu hadi Ijumaa. Cha Jumatano kikiharibika, vya Alhamisi na Ijumaa havikusaidii. Dawa ni kuanza mnyororo mpya mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki. Programu nyingi zinaweza kuunda nakala kamili mpya kwa kuunganisha vipande ambavyo tayari viko kwenye hifadhi, bila kuisumbua tena mashine yenyewe. Njia hiyo inafaa sana pale mtandao ni mwembamba, ila hurithi kasoro yoyote iliyokuwa kwenye vipande. Hivyo iambatane na ukaguzi wa uzima wa nakala, ambao nao ni kisanduku cha kuwekewa alama katika ukurasa uleule wa mipangilio ya ziada.

Stima nayo haisahauliki. Usiku wa Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena Novemba na Desemba mwaka huo. Kazi iliyokatika katikati inapaswa kuwa imepangwa kujaribu tena yenyewe, na kujisimamisha saa za kazi zikikaribia.

Siku ngapi nyuma?

Programu nyingi huja zikiwa zimepangwa kuweka nakala za siku chache, mara nyingi wiki moja au mbili. Soma neno linalofuata tarakimu. Kama imeandikwa nakala 14, na kazi hufanyika mara mbili kwa siku, una siku 7 tu, si 14. Makosa mengi hayagunduliwi ndani ya siku 7. Karani aliyefuta faili la ploti nzima ya viwanja anaweza kugundulika mwezi ujao mwenye kiwanja anapokuja. Wahalifu wanaofunga data na kudai fidia nao huweza kukaa ndani ya mtandao kwa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha, na wakijionyesha, nakala zote za karibuni huenda zimebeba uharibifu wao.

Weka basi nakala za wiki, za mwezi na za mwaka. Kwa idara za fedha nashauri moja isiguswe: ya Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa. Taarifa za fedha hutakiwa kumfikia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kufikia Septemba 30, na maswali ya ukaguzi huendelea baada ya hapo. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu kuweka taarifa za watu kwa muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Kuweka kila kitu milele si tahadhari, ni kosa la aina nyingine. Sheria hiyohiyo inataka anayeshika data aweze kuirejesha kwa wakati baada ya hitilafu.

Ufunguo na nyumba ya pili

Nakala iliyosimbwa haisomeki kwa mwizi. Haisomeki pia kwa mwenyewe akipoteza nenosiri, na hakuna fundi wa kuifungua. Afisa mmoja akihamishwa na nenosiri likiwa kichwani mwake, idara imebaki na sanduku lisilo na ufunguo. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, lihifadhiwe kwenye sefu, na maafisa wawili wajue liliko.

Ushauri wa zamani, uliotangazwa na mpiga picha Peter Krogh katika miaka ya 2000, ni nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Mahali pengine si chumba cha pili cha jengo lilelile. Machi 10, 2021, kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg kiliungua, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa pamoja na data yenyewe. Sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko kubwa zaidi lililowahi kupimwa nchini lilitokea Subukia Januari 6, 1928, na mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 29, 2024 bado yako machoni mwetu. Afisi ya mjini Nakuru inaweza kuweka nakala ya pili Naivasha au Molo. Anayetaka kuipeleka nje ya nchi asome kwanza kanuni za 2021 chini ya sheria hiyo, kwani kumbukumbu za aina fulani, zikiwemo za afya na fedha za umma, zinatakiwa kuwa na angalau nakala moja inayotumika humu nchini.

Nakala hiyo ya pili ifungwe isiweze kufutwa wala kubadilishwa kwa muda uliowekwa, hata na msimamizi, na akaunti inayoitunza isiwe ileile anayoingilia kwenye kompyuta yake ya kila siku.

Kuhusu arifa, kosa la kawaida ni kuagiza barua pepe itumwe kazi ikishindwa tu. Kama seva ya barua pepe ni mpangaji wa ploti ileile, siku paa likianguka hakuna barua itakayotoka, na ukimya utasomeka kama habari njema. Agizeni ripoti ya kila siku, na mtu mwenye jina aulizwe isipofika kufikia saa tatu asubuhi.

Mwisho ni jaribio. Mara moja kila robo ya mwaka, chagueni mashine moja na kuirejesha kwenye mtandao uliotengwa, isije ikagongana na iliyo kazini. Usitosheke ikiwaka. Mwite karani anayeitumia, si fundi, atafute malipo matatu anayoyakumbuka ya siku tofauti, na afungue faili moja la mwaka jana. Andikeni kazi ilianza saa ngapi, karani aliona malipo saa ngapi, na nini kilikosekana. Karatasi hiyo iwekwe kwenye faili la idara, pamoja na bahasha ya nenosiri.