Pareto: Mkulima Hulipwa kwa Dawa Iliyomo Kwenye Ua

Wakulima wawili wa pareto wanaweza kufika kituo cha kununulia siku moja, kila mmoja akiwa na kilo 10 za maua makavu, na bado wakalipwa pesa tofauti. Mizani haina kosa. Kwa kawaida mnunuzi wa pareto hupima uzito, kisha hupima pia kiwango cha pairethrini, yaani dawa ya kuua wadudu iliyomo ndani ya ua. Maua yenye asilimia 1.6 ya dawa hiyo yana gramu 160 katika kilo 10. Yenye asilimia 1 yana gramu 100 tu. Tofauti hiyo ya gramu 60 ndiyo huonekana kwenye malipo, na mara nyingi chanzo chake ni jinsi maua yalivyochumwa na kukaushwa.

Jambo hili ni muhimu kwa wakazi wa Molo, Kuresoi, Njoro na sehemu nyingine za nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru ambao wanarudia zao hili baada ya miaka mingi. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1940 nchi hii ilikuwa ikiongoza duniani kwa uzalishaji wake. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa pesa za pareto. Baadaye malipo yalichelewa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wengi waling'oa mimea yao wakapanda viazi, mahindi na mboga. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2013 yalifungua soko kwa kampuni binafsi, na sasa mkulima ana nafasi ya kuchagua wa kumuuzia. Hata hivyo, yule anayeanza upya hana budi kujua mahali ambapo pesa zake hupotea kabla hajafika sokoni.

Mmea wa baridi

Pareto ni mmea mfupi wa jamii moja na alizeti. Una majani yaliyochanika kama ya karoti na maua yenye petali nyeupe kuzunguka kitovu cha manjano. Ukishapandwa hukaa shambani na kutoa maua kwa miaka mitatu hadi minne kabla ya mavuno kupungua, kwa hiyo makosa ya mwanzo humfuata mkulima kwa muda mrefu.

Mmea huu hauwezi kutoa maua vizuri bila baridi. Unahitaji siku kadhaa mfululizo za hali ya hewa ya baridi ili vichipukizi vya maua vijitokeze. Ndiyo maana hustawi kuanzia mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana maeneo kama Molo, Mau Narok, Olenguruone na Keringet yanaufaa. Katika sehemu za chini zenye joto, pareto humea majani mazuri ya kijani lakini maua huwa machache. Mkulima wa sehemu hizo anashauriwa kuuliza kwanza kabla ya kununua miche.

Udongo unapaswa kuwa wenye rutuba na usiotuamisha maji. Mizizi ya pareto huoza haraka mahali palipo na maji yaliyosimama.

Kupanda

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanda miche iliyooteshwa kwa mbegu kwenye kitalu. Ya pili ni kung'oa mmea mama wenye afya na kuugawanya vipande kadhaa, kila kipande kikiwa na machipukizi na mizizi yake. Vipande hivyo huwahi kutoa maua, lakini hubeba tabia zote za mama: mmea mama ukiwa na ugonjwa au dawa kidogo, watoto wake watakuwa hivyo hivyo. Kuomba vipande kwa jirani bila kujua aina yake kunaweza kumgharimu mkulima miaka mitatu ya mavuno hafifu. Ni heri kutafuta aina zilizoidhinishwa kutoka vitalu vinavyotambuliwa.

Shamba hutayarishwa mapema wakati wa kiangazi ili magugu yenye mizizi mirefu, hasa sangari, yaondolewe kabisa. Mvua za masika zinapoanza, miche hupandwa juu ya matuta kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mche na mche. Kwa kipimo hicho, ekari moja huchukua miche 22,000 hivi, na robo ekari 5,600 hivi. Anayeanza anaweza kujifunza kwa robo ekari kabla ya kupanua, kwa sababu kazi ya kuchuma ni nyingi kuliko wengi wanavyodhania.

Samadi iliyooza vizuri na mbolea yenye fosforasi wakati wa kupanda huisaidia mizizi kushika. Mbolea nyingi ya naitrojeni haifai, kwani huleta majani mengi na maua machache.

Kutunza

Palizi ndiyo kazi kubwa. Pareto ni fupi, na magugu yakiipita hukosa mwanga. Jembe lipite juu juu ili lisikate mizizi, na matuta yainuliwe tena baada ya mvua kubwa. Kuchanganya pareto na mahindi au viazi hakushauriwi, kwa sababu mimea hiyo huifunika na kushindania chakula.

Ingawa pareto hutoa dawa ya wadudu, yenyewe haijakingwa na kila adui. Vithiripi na utitiri mwekundu huishambulia wakati wa ukavu. Minyoo midogo ya udongoni husababisha vifundo kwenye mizizi, na mmea hudumaa bila sababu inayoonekana juu. Minyoo hiyo hushambulia pia viazi na maharagwe, kwa hiyo ni vyema pareto isifuate mazao hayo moja kwa moja shambani. Mmea ulionyauka ung'olewe wote na mizizi yake na kuondolewa shambani.

Kiangazi cha kati ya Januari na Machi, maua yakiisha, mabua makavu hukatwa juu kidogo ya shina. Kazi hii huupa mmea nguvu ya kuchipua upya mvua ikirudi. Asiyekata hubaki na kichaka kizee chenye maua madogo.

Kuchuma kwa wakati

Maua ya kwanza huanza kuchumwa miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, kisha mchumaji hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu. Karibu dawa yote ya pareto imo kwenye vijimbegu vichanga vilivyo ndani ya kitovu cha manjano. Petali nyeupe na bua zina dawa kidogo sana.

Wakati mzuri wa kuchuma hutambulika kwa macho. Petali nyeupe zimelala wima wa bua, yaani zimenyooka kwenda pembeni, na vijiua vidogo vya manjano kwenye kitovu vimefunguka mistari mitatu au minne kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ua lililofumba bado halijajaza dawa. Lililozeeka, petali zikianza kulegea na kukauka, huongeza uzito wakati kiwango cha dawa kinashuka.

Ua huchumwa kichwa peke yake, bila bua. Bua huongeza uzito kwenye mizani, lakini hushusha kiwango cha dawa kwenye kipimo. Maua yachumwe umande ukishakauka na kuwekwa kwenye kikapu kinachopitisha hewa. Mfuko wa plastiki huyafanya yatoe jasho na kuanza kuharibika yakiwa bado shambani.

Wachumaji wengine huwashwa ngozi wanaposhika maua kwa muda mrefu. Glavu, nguo za mikono mirefu na kunawa kwa sabuni baada ya kazi husaidia.

Kukausha siku hiyo hiyo

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Maua mabichi yakirundikwa usiku mmoja tu hupata joto ndani, hugeuka rangi ya kahawia na kupoteza dawa. Yanapaswa kutandazwa siku ile ile yalipochumwa, safu nyembamba, juu ya kichanja chenye wavu au turubai safi, na kugeuzwa mara kwa mara. Yasianikwe juu ya udongo, kwani mchanga na takataka hushusha daraja.

Kikaushio cha jua chenye paa la nailoni hufaa zaidi katika maeneo yenye mvua na ukungu, kwa sababu hukinga maua yasinyeshewe. Yanayoanikwa nje yaingizwe ndani kila jioni. Kuyakausha juu ya moto wa jikoni ni hatari kwa mavuno: joto kali huharibu dawa, na moshi hubaki kwenye maua.

Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Ua lililokauka vizuri husagika na kuwa unga likifikichwa kwa vidole. Likibonyea bila kuvunjika, bado lina maji, na likifungwa kwenye gunia litaota ukungu.

Maua makavu yawekwe kwenye magunia yanayopitisha hewa, mahali pakavu penye giza, juu ya mbao. Mwanga na muda hupunguza dawa, hivyo hakuna faida ya kuyaweka miezi mingi kungojea bei.

Kabla ya kuuza

Kwa kukumbuka yaliyopita, mkulima anashauriwa kujua mapema ni nani atakayenunua, kama ana leseni ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula, analipa baada ya siku ngapi, na hupimaje dawa. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, na kila risiti ya uzito na ya kipimo itunzwe. Wanaouza pamoja kupitia chama cha ushirika au kikundi huwa na nguvu zaidi ya kudai matokeo ya kipimo na malipo kwa wakati. Kila mwanachama naye azingatie ubora, kwani gunia moja lenye ukungu likichanganywa na mengine hushusha daraja la kikundi kizima.

Wakazi wanaotaka kujua iwapo shamba lao linafaa, au mahali pa kupata miche iliyoidhinishwa, wamuone afisa wa kilimo katika ofisi ya wadi yao kabla ya mvua za masika kuanza.